Biotini siyo dawa ya kila nywele inayotoka

Dada wa Moshi uliyeuliza kama vidonge vya biotini (aina ya vitamini B) vitazuia nywele kutoka baada ya kujinyima chakula ili upungue: pengine hela itaenda bure. Upungufu wa biotini ni nadra, na dozi kubwa huweza kuvuruga majibu ya vipimo vya tezi ya shingo.

Mwili ukikosa nishati, protini au madini ya chuma, vinyweleo vingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha nywele huanguka miezi 2 hadi 3 baadaye. Kwa hiyo usilaumu shampuu ya wiki iliyopita, hesabu nyuma.

Kapime feritini, yaani akiba ya chuma, siyo wingi wa damu peke yake. Damu inaweza kusoma vizuri huku akiba imekauka. Usimeze vidonge vya chuma kabla ya majibu.

Protini: mtu wa kilo 65 anahitaji takriban gramu 52 kwa siku. Yai moja lina 6 tu, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, ni chakula kizuri sana hapa, ila ukikisindikiza na chai ya rangi, chai hiyo inapunguza ufyonzwaji wa chuma cha maharage. Kula na chungwa, chai isubiri saa moja.

Nywele zikitoka kwa mabaka, au pembeni tu unakosukwa kwa kubana, hilo si suala la chakula. Muone daktari wa ngozi, na legeza misuko.