Kabla ya Kuandika “Ngozi Kavu”: Kwa Vijana Wanaoanza Kutibu Sungura

Katika madaftari ya matibabu ninayokabidhiwa na vijana walioanza kazi ya mifugo hapa Morogoro, kuna maneno mawili yanayojirudia kwenye safu ya ugonjwa kila anapotajwa sungura anayejikuna: “ngozi kavu”. Kwenye safu ya tiba huandikwa mafuta ya nazi, au mafuta ya mgando, au sindano ya ivermektini, dawa ya kuua vimelea, isiyotajiwa uzito wa mnyama wala kiasi cha dawa. Ninawapenda vijana hawa, na ninajua kwamba chuoni muda mwingi huenda kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, huku sungura akiachiwa mwisho wa kipindi. Hata hivyo, kila ninapofungua daftari jipya na kukuta maneno yale yale, uvumilivu wangu unapungua, kwa sababu nyuma ya maneno hayo kuna mnyama ambaye hakutazamwa.

1. Ukavu wa ngozi ni dalili, wala si jina la ugonjwa, na jambo la kwanza la kuuliza ni uko wapi. Ukianzia puani, midomoni, kwenye kingo za masikio na kuzunguka kucha, mfikirie kwanza Sarcoptes au Notoedres, utitiri (vidudu vidogo sana) unaochimba ndani ya ngozi na kumnyima sungura usingizi. Ukiwa ndani ya sikio, na magamba ya kahawia yamepangana tabaka juu ya tabaka huku mnyama akitikisa kichwa, huyo ni Psoroptes, utitiri wa masikio. Ukiwa ni kiduara kilichonyonyoka manyoya usoni au miguuni, fikiria choa. Ukiona vidonda vyenye magamba puani, funua na chini ya mkia, kwa sababu kaswende ya sungura hushika sehemu zote mbili, na ivermektini haiigusi.

Anayewadanganya wengi ni utitiri mwingine, Cheyletiella. Huyu hachimbi, hukaa juu ya ngozi, hasa mgongoni kuanzia mabegani hadi karibu na mkia, na huacha unga mweupe ambao mtu yeyote asiyemfahamu ataapa kwamba ni mba za kawaida. Chukua kitana chenye meno ya karibu, chana mgongo wa sungura juu ya karatasi nyeusi, kisha tulia na uinamishe uso bila kupumulia karatasi. Chembe nyingi zitabaki mahali zilipoanguka. Ukisubiri kidogo utaona moja inasogea, halafu nyingine, na hapo utajua kwamba unachokitazama kina miguu minane. Kijana mmoja mwenye bidii sana alishauri sungura wa nyumba moja pale Kihonda apakwe mafuta ya nazi kila jioni, na kazi hiyo ikapewa binti mdogo wa nyumba, ambaye alimpakata mapajani akimpaka kwa mkono. Binti alipotokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, kijana akamshauri mama yake ampeleke zahanati, na ulikuwa ushauri mwema, lakini hakuhusisha vipele vile na mnyama aliyepakatwa. Vipele vya namna hiyo kwa kawaida huisha vyenyewe mara sungura anapotibiwa, na visipoguswa kwenye chanzo hurudi kila anapopakatwa.

2. Kwangua. Wembe wa upasuaji, tone la parafini ya maji, kioo cha hadubini: mnavijua na mlivitumia chuoni, lakini vimebaki mkobani. Kwa utitiri unaochimba, kwangua kwenye ukingo wa kidonda, mahali ngozi mbovu inapokutana na ngozi nzima, mpaka vitone vya damu vichungulie, kwa sababu ukikwangua juu juu utapata magamba matupu na utamwambia mfugaji kwamba hakuna kitu. Kwa ugonjwa wa masikio, kipande kidogo cha gamba kinatosha. Usilibandue gamba lote, hata kama mfugaji anasimama pembeni akikuhimiza usafishe. Chini yake kuna nyama mbichi, sungura ataumia vibaya, na baada ya sindano magamba hayo hulegea na kudondoka yenyewe.

3. Pima uzito kwa mzani.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Nilipokuwa mgeni kazini kama ninyi, niliitwa kwa mama mmoja mjane aliyefuga sungura nyuma ya jiko, katika vizimba vya mbao na wavu alivyotengenezewa na mwanawe. Jike wake bora alikuwa ameshikwa na ukurutu puani na kwenye vidole, na watoto wake, waliokuwa wametoka tu kuachishwa kunyonya, walianza kuota magamba meupe kwenye ncha za pua. Ugonjwa niliutambua sawasawa, na dawa niliyoichagua ilikuwa sahihi. Sikuwa na mzani, na bomba la sindano nililobeba lilikuwa la mililita 2, ambalo mstari wake mdogo kabisa huhesabu sehemu ya kumi ya mililita. Nilimshika mtoto wa kwanza, nikavuta ngozi ya shingo, nikamdunga nusu mililita, kwa kuwa nusu mililita ndiyo niliyozoea kumpa mbuzi mdogo, na machoni pangu kilikuwa kiasi kidogo mno kumdhuru kiumbe chochote. Nikawapa na wenzake, na mama yao pia.

Jioni mama yule alinipigia simu akasema, “Daktari, watoto wamelewa.” Nilipofika niliwakuta wamelala ubavu kwenye maranda, vichwa vikitetemeka, mboni za macho zimetanuka, na kila mmoja aliyejaribu kusimama aliponyokwa na miguu ya nyuma akaanguka tena. Ivermektini haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Tuliwapasha joto kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kanga, nikawadunga maji ya dripu chini ya ngozi, na usiku ule ndipo nilipofanya hesabu niliyotakiwa kuifanya asubuhi. Ivermektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo nusu mililita ni miligramu 5. Mtoto wa sungura mwenye gramu 600, kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji miligramu 0.12 tu. Niliwapa zaidi ya mara 40 ya walichohitaji. Kufikia alfajiri wote walikuwa wamekufa, akabaki jike peke yake, aliyeokolewa na uzito wake.

Vifo vile vinaniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni kile nilichomwambia yule mama kulipopambazuka. Nilimwambia kwamba ugonjwa ulikuwa umeshawazidi watoto kabla sijafika. Aliniamini, akanishukuru kwa kukesha naye, akachimba shimo nyuma ya mgomba akawazika. Niliporudi baadaye kumweleza ukweli, nilikuta ameshamuuza yule jike kwa bei ya kitoweo, akiamini kwamba kizazi chake kina maradhi yasiyopona. Kwa hiyo uongo wangu ulimpotezea mama mbegu ya ufugaji wake, na ukapeleka mezani kwa mtu mwingine nyama ya mnyama aliyetoka kudungwa dawa. Mama yule hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, “Sasa mwanangu, kwa nini hukusema siku ile ile?”

Ninawaandikia haya kwa sababu kati ya madaftari ya mwaka huu nimekuta mahali palipoandikwa “watoto 4, nusu ml kila mmoja”, na nimempigia simu aliyeandika kabla hata sijamaliza kusoma ukurasa. Nunueni mzani wa jikoni, wa kidijitali, unaosoma gramu. Mweke sungura ndani ya beseni au kikapu, toa uzito wa chombo, andika. Tumieni sindano ya insulini ya yuniti 100, ambayo mililita yake moja imegawanywa katika sehemu mia: sungura wa kilo 2, kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji mililita 0.04, yaani yuniti 4, kiasi ambacho bomba la mililita 2 haliwezi kukipima kwa namna yoyote ile. Mtaona vitabu vinavyopandisha kipimo hadi miligramu 0.4 kwa kilo, na daktari wenu anaweza kuamua hivyo, lakini uamuzi huo hufanywa kwa karatasi na kalamu. Kwa watoto dozi ni kama yuniti moja tu, kiasi kidogo mno kukipima kwa uhakika, na kile kiasi cha dawa kinachobaki kwenye shingo ya sindano ya kawaida huweza kuzidi dozi yao nzima. Hapo dawa huzimuliwa kwanza, sehemu moja kwa tisa za propilini glaikoli, kimiminika cha kuzimulia dawa, ili mililita ibebe miligramu moja, na mtoto wa gramu 500 apate mililita 0.1. Usizimue kwa maji, kwa kuwa ivermektini haiyeyuki vizuri katika maji, na utakachovuta mara ya kwanza hakitalingana na utakachovuta mara ya mwisho.

Na ukikosea, sema siku ile ile, kwa maneno ambayo mfugaji atayaelewa.

4. Rudi. Ivermektini huua utitiri ulio hai lakini haiyamalizi mayai, na mayai yaliyobaki huanguliwa wakati mfugaji ameshafurahi na wewe umeshasahau njia ya kwenda kwake. Sindano ya pili hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na mara nyingi ya tatu inahitajika. Tibu kila sungura aliye kwenye banda moja na mgonjwa. Nilifuatana na kijana mmoja hadi banda ambalo ugonjwa ulikuwa umerudi kwa nguvu, naye akanieleza kwa heshima zote kwamba alimwacha yule wa kizimba cha pembeni kwa kuwa “huyu hajikuni, mzee”. Vizimba vile vilitenganishwa na wavu mmoja tu, na sungura wale walilala wamegusana migongo kupitia matundu yake. Tulipompulizia manyoya yule asiyejikuna, ukingo wa sikio lake ulikuwa na ganda jembamba kama lile linalobaki sufuriani baada ya uji kukauka.

Kizimba nacho kinatibiwa. Utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mwili wa sungura hadi wiki tatu, ukijificha kwenye nyufa za mbao na kwenye sanduku la kuzalia, kwa hiyo matandiko yote yachomwe, mbao zisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni kisha zianikwe juani, na wavu upitishiwe moto wakati sungura wakiwa mbali. Mfugaji akilalamika kwamba ni kazi kubwa, msaidie kuianza. Nimegundua kwamba kizimba ambacho bwana mifugo ameshika brashi kwa dakika chache humalizwa kusuguliwa, na kizimba ambacho ameacha maagizo tu hubaki vilevile.

5. Sungura hujilamba mwili mzima, hivyo chochote unachompaka kitaishia tumboni mwake. Oili chafu ya magari, ambayo bado ninaikuta kwenye makopo pembeni mwa mabanda, ni sumu kwake hata kama babu wa mfugaji aliitumia kwa mbwa. Dawa za kuogeshea ng'ombe ziacheni joshoni. Fipronili, dawa ya viroboto inayotumika kwa mbwa na paka, imeua sungura wengi, usiiguse. Amoksilini ya kunywa huua bakteria wema wa tumbo na kuwaachia nafasi wabaya, na sungura aliyekuja kwa kuwashwa hufa kwa kuhara. Dawa za jamii ya kotizoni hupoza muwasho kwa siku chache huku zikidhoofisha kinga na kuuacha ukurutu utambae. Msimnyanyue kwa masikio, na msiuache mgongo wake ukining'inia, kwa sababu teke moja la nguvu linatosha kumvunja uti wa mgongo mikononi mwenu.

6. Vaeni glavu, na mwambieni mfugaji wazi kwamba Sarcoptes na Cheyletiella wanaweza kumwasha yeye na watoto wake, na kwamba choa huhama kutoka kwa sungura kwenda kwa binadamu bila shida. Kuhusu kitoweo, siku za kusubiri mnazoziona kwenye lebo ya ivermektini zimeandikwa kwa wanyama waliotajwa hapo, na mara nyingi sungura hayumo. Kwa hiyo daktari wa mifugo ndiye apange siku zake, na mfugaji azijue kabla hujavuta dawa kwenye kichupa, maana akizijua baadaye anaweza kuwa ameshapokea malipo ya mnunuzi. Tarehe ya sindano inayofuata, pamoja na tarehe ambayo mnyama ataruhusiwa kuchinjwa, iandikeni kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubao wa kizimba chenyewe, kwa sababu kadi hupotea na simu huishiwa chaji, kisha mwoneshe mfugaji mahali ulipoiandika, na mwoneshe pia yule mtoto wa nyumbani anayekata majani, kwa kuwa yeye ndiye anayefika kizimbani kila siku.