Muunganisho Ulionyamaza ni Hatari Kuliko Uliokatika

Seva ninayoitunza hupokea taarifa kutoka kwenye vifaa vya kufuatilia malori. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, kifaa chake hufungua muunganisho wa TCP (njia ya kutumiana data kati ya mashine mbili) na kuushikilia huku mtandao ukipatikana na kupotea njiani. Ukiandika programu ya namna hii, jua kwanza lipi ni kosa na lipi si kosa.

EINTR si kosa. read(), wito wa kusoma data, ikirudisha -1 na errno (namba ya sababu) ni EINTR, maana yake ishara, yaani taarifa ya ghafla kutoka kwenye mfumo, imeingia wakati programu inasubiri data. Soketi, yaani ncha ya muunganisho ndani ya programu yako, ni nzima. Angalia kama umeambiwa uzime. Kama hujaambiwa, soma tena. Wengi huweka SA_RESTART, bendera inayoomba wito uliokatizwa urudiwe wenyewe, wakadhani wamemaliza, kumbe kwenye Linux poll() na epoll_wait(), zinazosubiri soketi nyingi kwa pamoja, hurudi na EINTR hata bendera hiyo ikiwepo, na seva nyingi husubiri humo humo. Wa Python wamepunguziwa mzigo: tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, lugha yenyewe hurudia. Ila close(), ya kufunga soketi, usiirudie kwenye Linux. Namba ya faili inayowakilisha soketi imeshaachiwa, na kwenye programu yenye nyuzi (threads) nyingi inaweza kuwa imeshapewa soketi nyingine, nawe unaweza kufunga muunganisho wa lori jingine.

Ishara ya SIGPIPE nayo uizime mapema kwa SIG_IGN (agizo la kupuuza ishara). Ukiendelea kuandika kwenye soketi ambayo upande wa pili umeshafungwa, ishara hii huua programu nzima bila kuacha mstari kwenye logi. Shell ikikuonyesha 141, ni 128 kujumlisha 13, namba ya SIGPIPE. Ukiipuuza utapata kosa la EPIPE tu. Hiyo na ECONNRESET (mwenzako amekata ghafla) ni mambo ya kila siku: funga muunganisho huo, safisha bafa yake (hifadhi ya muda ya data), endelea na wengine. Wala usiyaandike kwenye logi kama dharura, maana logi inayopiga kelele kutwa hakuna anayeisoma. Na read() ikirudisha 0, mwenzako amemaliza kutuma. Anayedhani ni "data bado haijafika" ataita read() tena na tena bila kukoma, na ataikuta CPU imefika asilimia 100.

Kinachonisumbua zaidi ni ukimya. Kifaa kikikatiwa umeme, au lori likiingia pasipo na mtandao, hakuna FIN (taarifa ya kufunga) wala RST (taarifa ya kukata ghafla) inayofika. Kwa kerneli yako, yaani kiini cha mfumo endeshi, muunganisho bado upo, na read() itasubiri tu. Watu hukimbilia SO_KEEPALIVE, inayoiambia kerneli ipime kama mwenzako bado yupo, lakini kwa mipangilio ya kawaida ya Linux kipimo cha kwanza hutumwa baada ya sekunde 7200, kisha vingine kila sekunde 75 hadi vifike 9. Hapo zimepita saa mbili na zaidi, na orodha yako inaonyesha lori liko hewani. Unaweza kupunguza TCP_KEEPIDLE (muda wa kungoja kipimo cha kwanza), lakini mimi naamini zaidi saa ya programu yenyewe: kama kifaa hutuma kila dakika, kikikaa kimya dakika tano, kata. Kitaunganisha upya chenyewe.

Kuzima kwa heshima: systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, hutuma SIGTERM (ombi la kuzima), husubiri sekunde 90 kwa kawaida, kisha SIGKILL (kuua kwa nguvu). Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, husubiri 10. Ndani ya kishughulikia ishara, yaani kipande cha programu kinachoitwa ishara ikiingia, usiite printf() wala malloc(), si salama humo. Andika baiti moja kwenye paipu ambayo poll() inaiangalia, basi. Kuweka bendera peke yake hakutoshi, kwa sababu ishara inaweza kuingia baada ya kuikagua bendera na kabla ya kuingia poll(), nawe ukalala huku umeshaamriwa kuzima.

Jaribu haya yote kabla malori hayajakujaribu. Usiigize ukimya kwa kuua kifaa cha majaribio kwa kill -9, kwa sababu kerneli yake itafunga soketi na kukutumia taarifa. Tumia iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, yenye DROP (kutupa pakiti kimya kimya) pande zote mbili, kisha uhesabu seva inachukua muda gani kugundua.