Maswali ya Ufundi: Kapasita inakatika miguu botini

SWALI: Assalaam alaikum. Nimeunda kifaa cha kushusha umeme wa betri, volti 12 hadi 5, tupate kuchajia simu baharini. Nyumbani kinafanya kazi vizuri, lakini kwenye boti ya mashine hakimalizi wiki mbili: kapasita kubwa (kile kikopo cha kuhifadhi umeme kwenye bodi) inakatika mguu. Nimeilehemu mara tatu, mara ya mwisho nikaimwagia gundi ya moto. Kosa liko wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikum salaam. Lehemu yako haina kosa. Kapasita ndefu iliyosimama ni nzito juu na miguu yake ni myembamba. Mashine ikinguruma, inayumba mara elfu kadhaa kwa dakika, na mguu unachoka kama waya unaokunjwa huku na huku. Ukiongeza lehemu unahamisha tu pale patakapokatika. Inayotakiwa kuzuiwa ni ile kuyumba.

Gundi ya moto hulainika sanduku likipigwa na jua, kisha hubanduka kwenye ganda la kapasita. Supa gluu nayo ikikauka huwa kavu mno, mtikisiko unaipasua. Tumia silikoni, ila si yoyote. Ile inayonuka siki, inayouzwa sana kwa kuzibia vioo na sinki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba ya bodi. Ndani ya sanduku lililofungwa, pamoja na chumvi ya bahari, bodi haitadumu. Tafuta tyubu iliyoandikwa "neutral", yaani isiyotoa asidi hiyo.

Weka kapasita mpya. Nafasi ikiruhusu ilaze ubavu juu ya bodi. Kunja miguu kiasi cha milimita 3 kutoka mwilini, ukiwa umeishika kwa koleo ili mkunjo usivute ndani. Lehemu kwanza, gundi baadaye. Safisha mabaki ya lehemu kwa spiriti na brashi, acha pakauke, halafu pitisha silikoni pande zote mbili, kati ya ganda na bodi. Kichwa chenye mikato ya msalaba kiache wazi kabisa: hapo ndipo gesi hupitia kutoka nje kapasita ikiharibika. Acha sanduku wazi saa 24, na zaidi pale ulipoweka bonge nene, kwa sababu silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani.

Koili, ule waya uliozungushwa, nayo ni nzito, ifanyie vivyo hivyo. Rizista ndogo ni nyepesi, ziache.

Epoksi hatuipendekezi. Inashika kweli, lakini siku kitu kikiungua huwezi kukitoa.

Ukishaimarisha kapasita, zamu ya kukatika itakuwa ya waya. Tumia waya wa nyuzi nyingi. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzikakamaza, nazo hukatika pale ukakamavu unapoishia. Kwa hiyo ufunge waya kwenye bodi kwa kifungio cha plastiki, sentimita 1 au 2 kutoka kwenye lehemu, ukiuachia ulegevu kidogo. Waya za kuchomeka kwenye pini ziondoe, zilehemu moja kwa moja. Bodi nayo ishike kwa skrubu nne za chuma cha pua na nati zenye pete ya plastiki ndani, maana nati za kawaida hujifungua zenyewe.