Maswali ya Wasomaji: Ndege ya nyuma ikiwa na kasi kuliko yangu

SWALI: Najifunza urubani Wilson, Nairobi. Tunatua pia viwanja vya Mara kama Keekorok na Ol Kiombo, ambako hakuna mnara wa kuongoza ndege. Nikiwa na Cessna 172 tayari kupaa, na nyuma yangu kuna ndege ya injini mbili inayoelekea ninakoelekea, nifanyeje isije ikanigonga angani?
— Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Hatari yako ni kwamba anayekujia yuko mgongoni, humwoni. Piga hesabu. 172 hupanda kwa noti kama 75, yaani maili 75 za baharini kwa saa. Ya injini mbili ikipanda kwa noti 155, inakukaribia kwa noti 80. Ukimtangulia kwa dakika 2 unakuwa maili 2.5 mbele, na pengo hilo huliziba kwa muda usiofika dakika 2. Wakati huo pua yake imeinuka, hivyo aliye mbele chini anafichwa nayo, na bawa lako lililo juu ya kichwa linakufichia yeye. Sheria humtaka anayepita akupishe kwa kukata kulia, lakini atapishaje asichokiona?

Kwa hiyo malizaneni mkiwa bado chini. Zungumza naye kwenye redio, umwachie atangulie. Ikiwa ni kubwa kama Dash 8, subiri dakika 2 baada yake, 3 ukianzia katikati ya barabara ya kurukia, kisulisuli cha mabawa yake kitulie. Ikiwa lazima utangulie, mkubaliane pande mbili tofauti na kimo ambacho kila mmoja atakomea mpaka mwonane.

Usitangaze tu kwamba unaondoka. Taja kiwanja, aina ya ndege, barabara unayotumia, upande utakaokata, kimo, kisha kiwanja tena. Wawili wakibonyeza kitufe pamoja, wengine husikia mlio wa kukwaruza tu. Kwa hiyo ukinyamaziwa, usichukulie kwamba umesikika. Hakikisha pia masafa ya redio ni ya kiwanja hicho, si yale uliyotoka nayo.

Ukishapaa, washa taa ya kutua, na kila futi 500 shusha pua kidogo, ukate kidogo kushoto na kulia uone mbele. Sogeza na kichwa, kwa sababu ndege mnayoelekea kugongana haihami kwenye kioo: hubaki doa palepale, kisha hukua ghafla. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria sekunde 12.5 tangu kuiona hadi ndege yako iitikie. Kwa noti 80 hizo ni mita 500 na ushei.

Wala usijitulize kwamba Wilson kuna mnara. Machi 5, 2024, Dash 8 iliyokuwa imetoka kupaa hapo iligongana na Cessna 172 juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki.

SWALI: Ndege kubwa si zina kifaa cha kuonya?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Zinacho, lakini chini ya futi kama 1,000 kutoka ardhini hakimwamuru rubani apande au ashuke, na ndege nyingi hukutana hapo hapo. Isitoshe, kinategemea transponda ya mwenzake, yaani kifaa kinachojibu kwa redio ili ndege ionekane. Iwashe, pamoja na kituma kimo, kabla hujaingia barabara ya kurukia.