Msomaji Anauliza: Mkopo wa Nyumba, Hati na Riba

Ndugu Mhariri, nasikia serikali ina kampuni inaitwa TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) inayokopesha watu fedha za nyumba. Tabora ofisi yake iko wapi? Nataka milioni 20 nijenge. Benki moja imenitajia riba ya asilimia 15. (Mwalimu, Urambo)

Mwalimu, usipande basi kwenda kutafuta dirisha la TMRC, maana haikopeshi mtu mmoja mmoja. Ilianzishwa mwaka 2010 kupitia mradi wa Serikali na Benki ya Dunia, na kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu. Amana ya mteja inaweza kutolewa kesho asubuhi, ndiyo maana benki ikitegemea amana tupu huogopa mkopo wa miaka 15. Mlango wako ni benki. Na deni ni lako, serikali haijakudhamini.

Hiyo asilimia 15 haisemi kitu mpaka uulize inapigwaje. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, milioni 20 kwa miaka 10 ni rejesho la kama sh 322,700 kwa mwezi, jumla karibu milioni 38.7. Ikipigwa kwenye mkopo mzima mpaka mwisho, rejesho ni sh 416,700 na jumla milioni 50. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni 11. Ukivuta muda hadi miaka 20 kwa salio linalopungua, rejesho linashuka hadi kama sh 263,400 tu, lakini jumla inapanda hadi milioni 63. Sisi tungechagua muda mfupi unaoweza kuubeba.

Usishangae mwaka wa kwanza deni likiwa kama halisogei. Katika rejesho la kwanza la sh 322,700, riba inakula 250,000, na deni linapungua kwa 72,700 tu. Ukiwa na mkopo mwingine unaokatwa kwenye mshahara, upige hesabu kwanza: mtumishi anapaswa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake.

Mkopo wa kujenga kwa kawaida hutolewa kwa awamu: msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, kumalizia. Makadirio mengi huharibikia kwenye usafiri, kwani fundi huandika bei ya saruji ya dukani na kusahau nauli ya kuifikisha saiti. Msingi ukila fedha za lenta, mkaguzi wa benki hatasaini awamu inayofuata, na wewe utasimama na kuta zilizoloa mvua.

Nina hati ya kimila ya kiwanja kijijini, benki ya mjini wanaikataa. Kwani si hati halali? (Kasulu)

Ni halali, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Zipo benki zinazoipokea, hasa kwa mikopo ya kilimo. Kwa nyumba, benki inaiwazia siku ya mnada: ukishindwa kulipa, mnunuzi wa kutoka nje lazima apite kwa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo wanunuzi ni wachache na bei inashuka. Kamuulize afisa ardhi wa wilaya kama eneo lako limeingia kwenye mpango wa upimaji. Kama bado, mikopo midogo ya kujenga hatua kwa hatua itakufaa kuliko kugombana na benki.

Ukiamua kununua kiwanja kilichopimwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujalipa: jina la mmiliki, rehani iliyopo, zuio (pingamizi lililosajiliwa). Kisha nenda uwanjani na namba ya kiwanja na kitalu, utafute bikoni (alama za mpaka) zote kwa macho yako. Bikoni moja iliyong'olewa na jembe inatosha kuzaa kesi ya mpaka. Na barua ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji siyo hatimiliki, hata iwe na mashahidi kumi.

Mume wangu anaweza kuweka nyumba yetu rehani bila mimi kujua? (Mama, Nzega)

Mama, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114, inasema hivyo, na mkopeshaji ana wajibu wa kuuliza kama mkopaji ana ndoa. Ukiona dalili, weka zuio kwa Msajili wa Hati mapema. Usingoje notisi ya siku 60 ya kutolipa ifike mlangoni, maana hapo utakuwa unaandaa wakili huku dalali akiandaa tangazo.