Maswali Yenu: Kuvuka Nullarbor kwa Baiskeli, Peke Yako

Tangu niandike kuhusu Eyre Highway, barabara inayokatiza uwanda wa Nullarbor kusini mwa Australia, maswali yamekuwa mengi. Kutoka Norseman, upande wa magharibi, hadi Ceduna, upande wa mashariki, ni kilomita zipatazo 1,200, na njia nzima ina vituo vichache tu vya mafuta, chakula na malazi. Leo najibu baadhi ya maswali hayo.

Kwa siku moja mtu ananyonga kilomita ngapi huko? (Msomaji, Mwanza)

Kabla ya kilomita, niambie umebeba lita ngapi. Huko siku inapangwa kwa maji. Kati ya kituo cha Nullarbor Roadhouse na kile cha Border Village, kilicho mpakani mwa majimbo mawili, ni karibu kilomita 185 bila duka wala bomba. Balladonia hadi Caiguna ni kama 180, na ndani yake kuna kilomita 146.6 ambazo hazina kona hata moja. Upepo ukiwa mgongoni, mtu mwenye mzigo anaweza kumaliza kilomita 150 jua likiwa bado juu. Ukigeuka ukaja usoni, hakuna mti wala kilima cha kukukinga, na kilomita 60 zitakumalizia siku nzima. Ndiyo maana nasisitiza: ondoka kituoni na maji ya siku 2, hata kama una hakika utafika leo. Kwangu mimi hizo ni lita 12 au zaidi, yaani kilo 12 juu ya hema, chakula na vifaa. Ukitaka kupunguza uzito, acha nguo.

Uliza pia kabla ya kujaza. Maji ya visima ya eneo lile yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa mara nyingi utayanunua kwa chupa. Matangi ya mvua yaliyopo kwenye baadhi ya sehemu za mapumziko usiyahesabu kabisa. Ukiyakuta yana kitu, shukuru.

Siku yenyewe inaanza saa 11 alfajiri: chai, uji wa shayiri, kukunja hema, na kukipambazuka uwe unaingia barabarani. Asubuhi upepo mara nyingi bado haujapata nguvu, basi kula kilomita zako wakati huo. Mchana pumzika, hata kama kivuli pekee ni cha turubai ulilolitundika kwenye baiskeli. Ikifika saa 10 jioni anza kutafuta pa kulala. Kangaruu hutoka jioni, na dereva anayeelekea magharibi jua limempiga machoni, hakuoni. Kilomita 10 za mwisho unazozing'ang'ania saa hiyo hazina faida yoyote.

Na angalieni saa. Kutoka Border Village hadi karibu na Caiguna wenyeji wanafuata saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth. Ukiambiwa jiko linafungwa saa 2 usiku, uliza ni saa 2 ya wapi.

Ni muuguzi hapa Perth, nina likizo Desemba. Nianze? (Msomaji, Perth)

Dada, usiende Desemba. Tarehe 19 Desemba 2019 kipimo cha Nullarbor kilifika nyuzi 49.9. Muda mfupi baadaye barabara ilifungwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya moto wa porini kati ya Norseman na Caiguna. Omba likizo kati ya Juni na Agosti. Usiku utakuwa na baridi kali, lakini upepo wa majira hayo hutoka zaidi magharibi, na wewe unaelekea mashariki.

Mimi ni dereva wa masafa marefu. Malori ya huko yanampitaje mtu wa baiskeli? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu, unalijua jambo hili kutoka kwenye usukani, basi utanielewa haraka. Kuna malori ya matrela yanayofika mita 36.5. Yakikupita kwa kasi, kwanza hewa inakusukuma pembeni, halafu mkia unapita na kukuvuta uelekee lami. Anayejua hilo hashtuki. Funga kioo cha pembeni kwenye usukani, vaa rangi inayong'aa, na ukiona gari kubwa mbele na jingine nyuma, na hesabu yako inaonyesha yatapishana pale pale ulipo, teremka uingie changaraweni. Usibishane. Dereva wa tani zote hizo hawezi kufunga breki kwa ajili yako, wala kukwepa upande ambao kuna mwenzake. Redio ndogo ya UHF kwenye chaneli 40 inasaidia sana, kwa kuwa ndiko wanakozungumza na kuambiana kwamba kuna baiskeli mbele.

Huko nako kuna mbigili? (Msomaji, Dodoma)

Upo, ule ule mnaoujua, na mwingine wa pembe tatu ulio mbaya zaidi. Ukitoka barabarani kwenda kupiga hema, beba baiskeli begani, usiisukume. Ukipata pancha, usichomoe mwiba mara moja. Kwanza weka alama kwenye tairi, ndipo utajua pa kutafuta tundu kwenye tyubu. Ukishabandika kiraka, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa mahali, kuna ncha nyingine imebaki.

Ugali unawezekana? (Msomaji, Kigoma)

Unawezekana, ila unakula gesi na maji. Pika siku unayolala kituoni. Matunda, mboga mbichi na asali vimalize kabla ya ukaguzi: ukielekea magharibi unakaguliwa Border Village, ukielekea mashariki Ceduna. Watavichukua.

Nani alitangulia? (Msomaji, Nairobi)

Arthur Richardson, mwaka 1896, kutoka Coolgardie hadi Adelaide kwa siku 31, akifuata nyaya za telegrafu. Barabara ya lami ilikamilika mwaka 1976.

Mwanangu yuko Adelaide, anataka kwenda peke yake. Nimzuie? (Mama, Mombasa)

Shikamoo mama. Sitakuambia umzuie, lakini kuna masharti ya kumpa. Simu hushika karibu na vituo tu, sehemu kubwa ya njia haishiki. Abebe kifaa cha setilaiti cha kuomba uokoaji, kile cha masafa ya megahezi 406, na akisajili. Kusajili ni bure, na ishara yake inapokelewa Canberra. Kila asubuhi akutumie ujumbe: anatoka wapi, analala wapi, ana lita ngapi.

Kisha mkubaliane saa. Ikipita bila habari, piga kituo alichotakiwa kufika, halafu kile alichotoka, kwa sababu madereva wanaoingia hapo watakuwa wamemwona njiani. Kama hakuna aliyemwona, piga polisi wa jimbo alilomo. Andika namba hizo zote kabla hajaondoka, kwani 000, namba ya dharura ya huko, huwezi kuipiga ukiwa Mombasa.