Ukitaka kumwandikia mhariri wako taazia

Mhariri wetu wa zamani amefariki, na tangu msiba utangazwe kundi letu la WhatsApp limejaa maneno yale yale: mchapakazi, mcheshi, mpenda watu. Yote ni kweli. Lakini asiyewahi kufanya naye kazi akiyasoma hatajua tumempoteza nani. Nimeshaandika taazia za wenzangu kadhaa wa chumba cha habari, basi naomba niseme ninachoona kinasaidia.

Kazi ya mhariri haina jina. Mwandishi jina lake hukaa juu ya habari, mpiga picha chini ya picha; aliyezipangua aya usiku na kulinusuru gazeti lisiburuzwe mahakamani haonekani popote. Hata Benjamin Mkapa, aliyehariri Uhuru, The Nationalist na Daily News kabla ya kuwa Rais, wengi tunamkumbuka kwa Ikulu tu. Kwa hiyo usianze na vyeo. Tafuta habari moja aliyoigusa, ueleze alivyoigusa.

Mimi nitaandika ile ya ajali ya basi. Orodha ya waliofariki ilitufikia jioni, kurasa zinakaribia kufungwa, watu wa mtamboni wanapiga simu kila mara. Mzee wetu akashika kalamu yake nyekundu, akampigia mwakilishi wa mkoani na kumsomea majina herufi kwa herufi. "Mwajuma au Mwanajuma? Rudi hospitali ukawaulize ndugu zake. Mama yake atalisoma gazeti hili." Tukasubiri. Msanifu kurasa aliacha nafasi ya jina moja wazi, na hakuna aliyethubutu kumharakisha mzee. Alikuwa mkali, tena sana, na tulimpenda kwa ukali wa namna hiyo.

Usiwaulize waandishi peke yao. Mwakilishi wa mkoani anakumbuka ni nani aliyekuwa akimfuatilia mhasibu ili alipwe. Msanifu anakumbuka vichwa vya habari vilivyobadilishwa dakika ya mwisho, na sababu zake.

Jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na shule alizosoma, thibitisha kwa familia, si kwenye kundi. Mtu aliyehakiki majina ya watu maisha yake yote asiagwe kwa jina lililokosewa.

Kuna jambo lingine ambalo familia haiwezi kulifanya bila sisi. Tahariri haiwekwi jina, kwa hiyo watoto wake hawajui zipi aliziandika baba yao. Magazeti ya zamani yapo Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, na sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nendeni wawili watatu mliokuwa mkikaa naye kikao cha asubuhi, mzitafute, mtoe nakala na kuandika tarehe pembeni. Sisi tumekubaliana kwenda baada ya arobaini. Wenzetu wengine wameshastaafu na kurudi kwao mikoani. Hao tunawapigia simu wiki hii, kwa sababu wao ndio wanaokumbuka nani aliandika ipi.